Ugomvi Uliosafiri Bila Mgomba

Leo asubuhi Achieng, dada wa Kikenya anayefanya kazi kwa binti yangu hapa Al-Malqa, Riyadh, karudi kutoka supamaketi na mafungu matatu ya liki, akayatupa mezani mbele yangu. "Mzee," akasema, "madam ameniambia hizi nisikate. Sasa mboga isiyokatwa ni ya nini?" Nikamwambia ni ya kupigia watu. Akacheka mpaka akaegemea friji. "Huku nimeona mengi, lakini kuchapana na mboga bado." Kwa asiyeijua, liki ni kitunguu kirefu cha Kizungu kisicho na kichwa, chini cheupe, juu kijani, kinene kama mkono wa mtoto. Mimi ndiyo iliyonipa mke. Na mke huyo, Zuwena, Mungu amrehemu, kaondoka kabla ya Ramadhani, na kaondoka tukiwa na ugomvi mmoja haujesha, wa kiyoyozi. Yeye akitaka ishirini na nne, mimi nikitaka kumi na nane, na tulikuwa tukipokezana rimoti chini ya mito kama wezi. Watu wananipa pole ya msiba nami naitika, lakini hakuna anayenipa pole ya ugomvi, na huo ndio niliobaki nao. Nitaeleza kwa nini, ila itabidi mnivumilie nizunguke, maana skuli niliishia kitabu cha pili na njia za mkato sikuwahi kufundishwa.

Nani kamzaa nani nitaruka, mtalala. Nianze na mbuzi. Kijiji chetu, kule kusini mwa Unguja, kimegawika nusu mbili, Kusini na Kaskazini, na kila mtu anajua kwao kunaishia kwenye jiwe gani. Mwezi wa saba tuna mwaka mpya wetu wenyewe, siku tunayoiita Mwaka, na siku hiyo wanaume wa nusu hizo mbili wanakutana uwanjani wakapigana kwa mgomba. Si ndizi, ule mti wenyewe, unakatwa vipande, uko laini, una maji, unauma kidogo lakini hauvunji mtu. Wanawake wanasimama pembeni wakiimba matusi, na yanatungwa hapo hapo, hayachagui mkubwa wala mdogo. Aliyekukera mwaka mzima unampiga, naye anakupiga, mnachoka, mnakwenda kula wali. Halas. Ugomvi wa mwaka uliopita hauruhusiwi kuvuka. Sasa, mbuzi wa Mzee Vuai wa Kaskazini alikula mkeka wa bibi yangu, Bi Mize wa Kusini, mkeka wa arusi ya mdogo wake, uliobaki ukingo mmoja tu umalizike. Bi Mize akamfunga mbuzi kwenye mnazi, akamlisha maganda ya ndizi siku nzima huku akimtukana kwa jina la Vuai. Vuai alipokuja kumchukua, yakasemwa mengine. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi, kwa sababu Mwaka ungefika na yote yangepigwa yakaisha. Lakini kabla ya Mwaka ikaja ile Januari ya mapinduzi, watu wakatawanyika, na wetu wakaishia Jeddah. Hawakubeba sufuria, hawakubeba hata kitanda cha kamba. Ugomvi wa mbuzi waliubeba mzima, haujapungua hata unywele.

Na Jeddah haina mgomba. Hapo ndipo shida ilipo. Tuliishi Al-Nuzha, nyumba yetu na ya Mzee Vuai zikipakana ukuta kwa ukuta, na wale wawili hawakusemezana tokea watie mguu nchi hii. Msidhani walipenda. Bi Mize akipika mkate wa kumimina, kipande cha Vuai kilikuwa kikipitishwa kwa mtoto yeyote, na sahani ikirudi haina hata chembe. Nikimwambia, "Bibi, si mseme tu yameisha?" ananikodolea macho. "Ugomvi wa kwetu hausemwi ukaisha, mjukuu wangu. Unapigwa. Nikisema umeisha na haukupigwa, huo si utakuwa uongo na mimi nimeshahiji?" Ng'ambo ya ukuta Mzee Vuai akasikia, maana ukuta ule ulikuwa na tundu la waya, akamwambia paka wake kwa sauti kubwa, "Umeona? Hapo peke yake kasema kweli."

Mimi nikampenda mjukuu wa Vuai. Nilimpenda sauti kabla ya sura. Alikuwa nyuma ya ule ukuta akigombana na muuza mikate, kwa Kiarabu cha Kihijazi kilichonyooka, na yule bwana akawa anarudi nyuma kinyumenyume, namsikia kwa viatu. Nikasema, huyu ndiye. Tulikuwa tunasemezana pale tunduni, yeye akijifanya anaanika nguo. Nilipomwomba Bi Mize akaniposee, akakataa. "Nikakae chumbani kwa Vuai, ninywe kahawa yake, na mbuzi wake yuko katikati yetu?" Zuwena naye alipomgusia babu yake, akajibiwa, "Kijana hana kasoro. Lakini mjukuu wangu haingii nyumba ya watu nisiosema nao." Basi wote wawili wanataka, na wote wawili hawawezi. Juu ya hayo akatokea bwana mmoja kutoka Maskati, ana duka la matairi, kaleta posa yake imefungwa kwa utepe. Mzee Vuai akasema jibu atampa mwisho wa mwezi wa saba. Zuwena akaniambia pale tunduni, "Makame, mimi tairi sizitaki. Lakini babu nikimvunja uso nitaishi vipi? Fanya kitu." Nami kitu chenyewe sikukijua. Nilichofanya ni kupata kazi Riyadh, kwa sababu mtu aliyepigwa butwaa akipewa safari husafiri.

Kazi ilikuwa ya udereva kwa mhandisi Mskochi, Bwana Danka, aliyekuwa akiishi kwenye nyumba za Wazungu pembeni ya mji. Al-Malqa hii wakati huo ilikuwa mchanga na mbwa. Ikama yangu, kibali cha kuishi, ilikuwa kwa kampuni yake, Kiingereza changu cha kuokota bandarini, nilikokuwa kuli. Mwaka huo Bwana Danka alimleta mama yake mzazi akae naye, Bibi Elsi, kizee chembamba chenye nywele kama pamba iliyochambuliwa. Yule mama hakuwa na pa kwenda. Akaniweka jikoni. Nikitoka kumpeleka bosi kazini, narudi, nakalishwa kwenye kigoda kati ya friji na dirisha, napewa kisu, nakata liki huku nikisomeshwa historia ya kijiji chake. Jina la kijiji siwezi kulitamka mpaka leo, lina kitu katikati kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. Lakini nikishushwa hapo sasa hivi sipotei. Ukiingia unaanza na nyumba ya fundi saa, aliyekuwa na saa kumi na moja ukutani na zote zinagombana. Halafu duka la mikate la baba yake Bibi Elsi. Halafu kanisa ambalo kengele yake iliwahi kuibwa, ikakutwa kwenye banda la kuku, kuku wameitagia. Halafu daraja. Na pale darajani ndipo niliposhtuka nikajikata kidole, kwa sababu alisema kijiji kile kimegawika nusu mbili, Juu na Chini, na siku ya mwaka mpya wao wanaume wa nusu hizo wanapigania mpira.

"Wanapigana?" nikauliza.

"Wanasukumana, Makam, wanaminyana, wanazamishana. Wa Juu lazima waufikishe mpira kwenye lango la kanisa, wa Chini wauzamishe mtoni. Mjomba wangu mmoja aliuficha kwenye gauni la mkewe, na mke akatembea nao mpaka kanisani akijishika mgongo kama ana mimba. Watu wa Chini wakampisha njia kwa adabu."

Supu yake ilikuwa ya kuku na liki, na ndani yake, nisikilizeni, kwao hutia zabibu nyeusi kubwa zilizokauka, kitu kama tende. Riyadh akizikosa akawa anatia tende zenyewe. Supu ya kuku yenye tende! Siku ya kwanza niliila kwa ajili ya ikama tu. Ya pili niliongeza. Na ni juu ya supu hiyo aliponieleza alivyoolewa. Yeye wa Juu, binti ya muoka mikate; mchumba wake Robati wa Chini, fundi wa viatu vya farasi. Siku ya mpira Robati alikuwa ameushika anakimbilia mto, baba mkwe akamrukia pale darajani. Robati kwa kutaka kumfurahisha mzee akauachia. Mzee akasimama, kawiva uso, akamtupia mpira kifuani. "Anayeniachia mpira kwa sababu ya binti yangu," akasema, "kesho atamwachia mtu mwingine nyumba." Basi Robati akamkumbatia mzee, mpira katikati, wakaenda nao wote mtoni. Barafu imeshika kingo. Mzee akasimama maji kifuani, meno yanagongana, akasema, "Jumapili njoo ule." Bibi Elsi alipofika hapo alikuwa akifuta macho kwa pindo la aproni. Mimi nikasema ni liki. Akasema ndiyo, ni liki.

Nikamweleza yangu. Mbuzi, mkeka, tairi, yote. Hakucheka, na hilo sitalisahau. Wengine wote niliowaeleza walicheka. Aliuliza swali moja tu, "Na huo mti haupatikani?" Nikamwambia nimeshajaribu, kabla sijatoka Jeddah. Nilimwagiza dereva wa lori anayekwenda Jizani, kule kusini kwenye mashamba ya ndizi, nikamweleza kwa Kiarabu na kwa mikono: mti, si ndizi. Akarudi na maboksi matatu ya ndizi. "Mti nani anakula?" akaniambia, tena kwa huruma. Al-Nuzha nzima tukala ndizi wiki moja, na paka wa Vuai pia.

Mwezi wa saba Bwana Danka akawa na kazi Jeddah, kampuni ikampa nyumba Al-Hamra, karibu na bahari, na Bibi Elsi akasema haachwi nyuma. Tukasafiri gari moja, nyuma kuna sanduku la barafu limejaa liki, maana kasema Jeddah haiamini. Siku iliyofuata, tena ikawa ndiyo siku yenyewe ya Mwaka, akataka kumwamkia bibi yangu. Nikamleta Al-Nuzha, kabeba fungu la liki kwenye taulo kama mtoto mchanga. Bi Mize alikuwa kakaa kwenye godoro lake, mgongo ukutani. Akamtazama mgeni juu mpaka chini, akaniambia, "Muulize kwao wapi, na wa nusu ipi." Sijui alijuaje kwamba kwao kuna nusu. Kwa bibi yangu mahali pasipokuwa na nusu mbili hapakuwa mji, palikuwa kambi. Nikatafsiri. Bibi Elsi akanyoosha kidole dari, kwa heshima kubwa. "Juu." Bi Mize akatikisa kichwa, karidhika. "Na wanapigana?" Wanapigana. "Alhamdulillahi. Mkaribishe, huyu ana kwao." Wakakaa saa nzima, mmoja anasema Kiskochi mwingine Kikae cha kijijini kwetu, mimi katikati natoka jasho, na nusu ya wakati hawakuningoja. Walikuwa wanashindana kwa ugomvi. Bi Mize akatoa mbuzi, Bibi Elsi akatoa kengele na kuku. Bi Mize akakiri kengele imezidi.

Halafu akachukua liki moja kwenye taulo. Akaigeuza, akainusa, akaichana ganda la kwanza, la pili, la tatu, maji yakamtiririka kiganjani. Mimi nilikuwa nimezikata liki hizo miezi na miezi, kisu mkononi, sikuona kitu. Bibi akaipiga pajani mwake, pa! Akaniangalia. "Makame. Huu ni mgomba umezaliwa njiti." Halafu akainua sauti mpaka kwenye tundu la waya. "Paka! Mwambie mwenyewe avae nguo ya kuchanika! Leo Mwaka!"

Kutoka ng'ambo, sauti ya Mzee Vuai, imepata ujana. "Paka, mwambie nimeshavaa."

Uwanja ulikuwa ule uliokuwa nyuma ya nyumba zetu, kati ya pipa la maji na kamba ya nguo, baada ya Alasiri, joto la Jeddah la mwezi wa saba linalokuvaa kama blanketi lililolowa. Hapo ndipo nililolisahau liliponijia. Wanaopigana ni wanaume. Kusini ya Bi Mize ilikuwa na mwanamume mmoja, mimi. Na Kaskazini ilikuwa na Mzee Vuai. Kwa hiyo mimi Makame ninayemtaka Zuwena, natakiwa nimpige babu yake mbele yake, kwa mboga. Nikimpiga sana, nani atanipa mke? Nikimpiga kidogo, Bi Mize atasema haukupigwa. Zuwena kasimama mlangoni kajifunika kanga mpaka puani, macho tu, na macho hayo hayakunisaidia. Tatizo jingine, Kaskazini haikuwa na mwanamke wa kutukana, maana Zuwena kaona haya kumtukana mchumba. Bi Mize kwa haki akampa Kaskazini Bibi Elsi.

Tukaanza. Bi Mize akafungulia kwa wimbo, "Vuai e, mbuzi wako kakushinda, yeye kaujua mkeka mzuri, weye hujaujua mpaka leo!" Bibi Elsi akajibu kwa matusi ya darajani kwao, na katika uwanja mzima aliyeyaelewa ni mimi niliyetukanwa, tena nusu yake tu, moja lilihusu masikio yangu na jingine sitalisema. Mzee Vuai akaja. Jamani, mzee yule alipiga! Bega, mgongo, bega. Liki zinalia pa, pa, zinakatika, anachukua nyingine. Mimi namgusagusa begani kama napangusa vumbi. Mwenye nyumba wetu, Msaudia, akachungulia kutoka juu, akapiga kelele, "Aish hadha, nini hiki? Nimwite polisi?" Zuwena akamjibu, "La, ammi, ni mwaka mpya!" Bwana akaangalia kidogo, akavuta kiti.

Mzee Vuai akasimama, kahema. Akaishusha liki yake. "Unanipapasa," akasema. "Kijana, unanipapasa. Mimi ni keki?" Akajipangusa jasho. "Mtu asiyeweza kunipiga mimi kizee, mjukuu wangu atamtunza vipi? Bora yule wa matairi, angalau kazoea vitu vizito." Nikahisi kila kitu kinaniponyoka, nimesimama na mboga mkononi. Na hapo Bibi Elsi, mtu wa Kaskazini kwa siku hiyo, akasaliti upande wake. Akaruka kwenye kiti, akapiga ukelele, "Mto, Makam! Mto!"

Hakuna mto Al-Nuzha. Lakini nilimwelewa. Nikainua liki kwa mikono miwili, nikampiga Mzee Vuai kipigo kimoja cha Kusini, pale pale juu ya sikio. Kofia yake ikaruka. Kofia ya viua, aliyoishona marehemu mkewe. Ikapaa juu ya kamba ya nguo, ikaingia kwenye pipa la maji, ikazama.

Mwenye nyumba juu kule akainuka kitini. Mzee Vuai akaenda pipani, akatia mkono mpaka kwapani, akaitoa kofia, akaikamua taratibu, akaivaa. Maji yakamteremka shingoni. Akageuka. Hakunitazama mimi. Na maneno ya kwanza kumwambia bibi yangu tokea Unguja yakawa haya:

"Bi Mize. Ule mkeka ulikuwa wa rangi gani?"

Bi Mize kinywa kilimcheza. "Mwekundu na kijani," akasema. "Nao ulikuwa mzuri, Vuai."

"Basi pole."

"Na mimi yule mbuzi sikumpiga. Nilimtukana tu."

"Najua. Alirudi kanenepa."

Wakawa wanalia, wote wawili, na Bibi Elsi juu ya kiti, na Zuwena ndani ya kanga, na mimi. Harufu ya liki zilizopondeka ilikuwa imejaa uwanja, kali, na mpaka leo kila niliyemuuliza kaniambia ni vitunguu. Mabaki yakaokotwa, yakaoshwa, yakatiwa sufuriani na kuku wawili na tende. Mzee Vuai akaonja, akanitazama. "Hiki nacho ni chakula cha watu?" Akaongeza mara tatu. Bwana wa Maskati akajibiwa kwa heshima, na nasikia alioa vizuri.

Bibi Elsi akarudi kwao mwaka huo huo, akafia kwao, upande wa Juu. Mimi na Zuwena tukawa na Mwaka wetu jikoni kwetu Jeddah. Kila mwezi wa saba alikuwa akinunua liki yeye mwenyewe, tunasimama kati ya jiko na sinki, tunapigana ya mwaka mzima: mama yangu mdogo aliyekaa miezi mitatu, gari nililouza bila kumwambia, jina la mtoto. Binti yetu Mize alikulia humo. Ndio maana leo, siku ya Mwaka, bila mimi kusema neno, amemwambia Achieng asikate.

Amerudi kazini mchana, abaya haijavuliwa. Kaingia jikoni, kachukua liki moja, kaipima mkononi, na kumwambia Achieng asogee kidogo. Mimi nimekaa nilipokaa.

"Hii ya mama," akasema, akanipiga bega. Pa! "Ishirini na nne."

"Kumi na nane," nikasema.

Akanipiga tena, kwa mkono wa Kaskazini khasa. "Ishirini na nne, baba."

Achieng kaziba mdomo kwa taulo. Liki ilikuwa imekatika, maji yake yananiteremka kwenye kola. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa rimoti, ambayo nimesafiri nayo kutoka Jeddah bila ya sababu yoyote, nikaiweka mezani.

"Basi," nikasema. "Ishirini na nne."

"Mzee, unalia?" akauliza Achieng.

Nikamwambia ni vitunguu, akatie maji ya supu motoni, na tende asisahau.